Siga za boksi moja, ladha tofauti: tatizo ni msokotaji, jani au sisi wauzaji?

Mtoto_wa_Deira
Wakuu, salaam. Niko Dubai, nahudumia kwenye ukumbi wa siga wa hoteli. Nazungumzia zile nene za jani tupu zinazosokotwa kwa mkono, si sigara za pakiti. Mteja anafungua boksi la Kikuba la siga 25, anavuta mbili tatu akisifia, inayofuata anaiweka chini: "Hii chungu." Nyingine haivutiki, mashavu yanaingia ndani bure. Meneja ananiambia kazi ya mkono ndivyo ilivyo. Sijaridhika, maana kwa bei ile mtu hanunui bahati nasibu. Wanaojua, tofauti inatoka wapi? Na mimi ninayemkabidhi mteja naweza kufanya nini?

Kijiwe_Posta
Feki hizo. Funga uzi.

Mtoto_wa_Deira
Mkuu, zinatoka kwa wakala rasmi. Chini ya boksi kuna muhuri wa kiwanda, mwezi na mwaka. Nimekagua.

Mzee_wa_Bani
Kijana, mimi nimelima tumbaku Urambo. Yetu ni ya mvuke, tunaikausha kwa moto kwenye bani. Ya siga inaning'inizwa bandani ikauke kwa hewa, kisha inarundikwa ichachuke mpaka rundo lipate joto na amonia itoke. Njia ni tofauti, lakini mmea ni ule ule, na sisi tukigredi hatuchanganyi jani la chini na la juu. Wakuba nao wana majina yake: la chini volado, la kati seco, la juu ligero. La juu limekula jua, zito, kali, linaungua polepole. La chini ni jepesi, kazi yake kushika moto. Msokotaji anapewa vipimo vya kila aina, na ligero lazima likae katikati. Likisogea pembeni, moto unakwenda upande na ladha inageuka.

Halafu shamba halitoi jani lile lile kila mwaka. Kimbunga Ian mwaka 2022 kilibomoa maelfu ya mabanda ya kukaushia Pinar del Río, kunakotoka jani lao bora. Ndiyo maana wachanganyaji hutunza akiba za misimu tofauti na kuzipatanisha. Anayekwambia siga nzuri "inafanana yenyewe" hajawahi kuchambua robota moja la tumbaku.

Sister_Kizimkazi
Uvutaji unaua lakini.

Mtoto_wa_Deira
Sivuti, dada, nauza tu 😅

Baharia_Mstaafu
Niliwahi kuingizwa kiwanda kimoja Havana. Kitu ambacho wanunuzi wengi hawakijui: siga hazipangwi boksini kwa msokotaji. Zinamwagwa mezani, watu wenye macho makali wanazipanga kwa rangi ya jani la nje, ndipo zinaingia boksini, nyeusi upande mmoja na nyepesi upande wa pili. Boksi moja linaweza kuwa na kazi ya mikono kadhaa. Mmoja anakaza, mwingine analegeza. Iliyokazwa haipitishi hewa. Iliyolegea inaungua kwa joto kali na kuwa chungu. Kwa hiyo meneja wako hajakosea, ila amemaliza maneno mapema.

Fundi_Matrah
Kabla hamjamhukumu Mkuba, ulizeni kabati la kuhifadhia siga. Mimi niko Muscat, kazi yangu ni vipoza hewa. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ikilowa zaidi inavimba na haivutiki, ikikauka inaungua haraka na kuchoma ulimi. Kipima unyevu chako kinasoma ngapi?

Mtoto_wa_Deira
69. Hakijawahi kusogea.

Fundi_Matrah
Hicho "hakijawahi kusogea" ndicho kinanitia shaka. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Ifungie na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa mpaka kesho. Kinatakiwa kisome 75.

Mtoto_wa_Deira
Mrejesho: kimesoma 68.

Fundi_Matrah
Basi kabati lako liko kama 76. Siga zinaogelea. Punguza maji, weka vile vipakiti vya kudhibiti unyevu vya asilimia 65, na usizitoe kabatini ukaziweka mbele ya kipoza hewa zikauke ghafla, jani la nje litapasuka. Zipe wiki kadhaa, ukibadilisha maboksi ya juu na ya chini.

Baharia_Mstaafu
Zikitulia, pitisha vidole kila moja kabla hujamkabidhi mtu. Yenye fundo gumu tangu kichwa mpaka mguu ni ya mkono mzito, unyevu hauitibu. Iweke kando, umwombe wakala akubadilishie. Na hiyo chungu, mwangalie mteja anavyovuta. Pumzi moja kwa dakika inatosha. Wengi hapo Dubai wanavuta huku wanajadili bei za viwanja, siga inachemka mkononi.

Mtoto_wa_Deira
Huyo wa viwanja ninaye, anakuja kila Alhamisi. Nitamsogezea kahawa awe anapumzika kati ya pumzi.