Panya wenye mimba siku ya 20: mbona sukari iko chini?

PanyaWeupe_Dom: Wakuu, habari za kazi. Hapa Dodoma tunapima panya weupe siku ya 20 ya mimba. Chakula tunaondoa saa 12 jioni, sukari ya damu tunapima saa 2 asubuhi. Tunajua mwishoni mwa mimba mwili huwa sugu kwa insulini (homoni inayoshusha sukari), hivyo tulitegemea sukari ipande. Wenye mimba wako chini kuliko wasio nayo! Mashine ina kasoro?

Chimwaga_Lab: Mashine isingizieni baadaye. Tatizo ni hizo saa 14 za njaa, tena usiku, wakati panya ndipo anapokula. Mimba yake ni siku 21 hadi 23, na vijusi huongezeka uzito hasa wiki ya mwisho. Vinavuta glukosi kupitia kondo la nyuma muda wote, mama awe amekula au la. Mwanzoni mwa mimba mama aliweka akiba ya mafuta, sasa anaiyeyusha. Akishinda njaa, glaikojeni (sukari ya akiba) ya ini huisha upesi, sukari hushuka, ketoni zitokanazo na mafuta hupanda. Usugu upo, njaa inauficha tu. Ondoeni chakula saa 2 asubuhi, mpime saa 8 mchana. Maji yabaki. Wahamishieni kwenye maranda mapya, la sivyo wataokota makombo. Na mpime insulini kwenye damu ya wakati huohuo; sukari peke yake haitawaambia kitu.

DadaSeramu: Naongezea, mkuu. Mimba huongeza majimaji ya damu, chembe nyekundu zinakuwa chache kwa ujazo, na baadhi ya mashine za mkononi husoma juu damu ikiwa hivyo. Huenda hao wenu wako chini zaidi ya mnavyoona. Chakula je? Kama mnachanganya wenyewe na mashudu ya alizeti, makundi yote yalishwe mchanganyiko mmoja, maana mafuta hutofautiana gunia kwa gunia.

PanyaWeupe_Dom: Asanteni sana. Na kipimo cha kunywesha glukosi ili kuona sukari inavyopanda, dozi tuipige kwa uzito upi, wa kabla ya mimba au wa siku hiyo?

Chimwaga_Lab: Hapo ndipo wengi huteleza. Kwa gramu 2 za glukosi kwa kilo ya uzito, panya aliyekuwa na gramu 250 kabla ya mimba angepata miligramu 500, yaani mililita 2.5 za mchanganyiko wa asilimia 20. Akifika gramu 360 anapata miligramu 720, mililita 3.6. Sehemu ya mpando wa sukari itatokana na dozi, si usugu. Chagueni aina moja ya uzito, wa kabla ya mimba au wa siku hiyo, mtumie kwa panya wote, ila andikeni uzito wa aina zote mbili. Mnyweshe kwa mrija. Sindano ya tumboni siku ya 20 hutoboa mfuko wa uzazi kirahisi.