Naomba ushauri: Skrini inabaki nyeusi tangu nihamie Xfce

Hamjambo wadau. Nina laptopu ya mtumba niliyonunua Luthuli Avenue hapa Nairobi, RAM ya GB 4, mfumo wa Ubuntu 22.04 (aina ya Linux). GNOME, yaani mazingira ya madirisha na menyu yanayokuja na Ubuntu, ilikuwa inailemea kabisa: nikifungua Firefox na LibreOffice pamoja, kishale kinaganda hadi nasahau nilitaka kuandika nini. Wiki jana nikaweka xubuntu-desktop, kifurushi kinacholeta Xfce (mazingira mepesi kuliko GNOME), na nilipoulizwa programu ya skrini ya kuingilia nikachagua LightDM badala ya GDM3. Wepesi niliupata kweli, na sitaki kurudi nyuma.

Shida ni hii: nikifunga kifuniko kisha nikifungua, skrini ni nyeusi tii. Feni inasikika, taa inawaka. Nikibonyeza Ctrl+Alt+F1 halafu Ctrl+Alt+F7, mara nyingine kazi yangu inarudi kama nilivyoiacha. Mara nyingine nalazimika kuzima kwa kushikilia kitufe, na jana nilipoteza ankara za mteja namna hiyo. Iliniuma sana.

Nimesasisha mfumo wote, na nimezima kufunga skrini mashine inapolala. Bado. Sijajaribu kurudisha GDM3 kwa amri ya dpkg-reconfigure, naogopa kukosa hata pa kuingilia.

Naomba mnisaidie mawili. Je, kuirudisha GDM3 huku nikibaki na Xfce kuna madhara? Na GNOME naiondoaje salama? Nilipojaribu, apt (programu ya kuweka na kuondoa vifurushi) ilileta orodha ndefu ya vifurushi vitakavyofutwa, nikajibu n (hapana) haraka.

Asanteni sana.