Mrejesho: Kozi ya uigizaji wa kale, London

Wakuu, niliuliza nitaigizaje Shakespeare bila kusikika kama mtoto anayekariri shairi. Ushauri wa pumzi umenisaidia sana: mstari una mapigo matano, ila navuta pumzi wazo linapokwisha, hata kama mstari bado. Tunayagonga mapigo kwa kisigino huku tukitembea, ukumbi mzima kelele tupu.

Kilichonitesa ni vichekesho vya baada ya 1660, mfalme Charles II aliporudi Uingereza na kumbi za maigizo zikafunguliwa tena. Koseti, lile vazi la kubana kiwiliwili, hairuhusu kuegemea. Unakaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, unapumulia juu juu. Hasira yote inatoka kwenye upepeo: ukiufunga ghafla, mwenzako kashajibiwa. (Binafsi naona raha kuliko tanzia!)

Muhula ujao ni Molière, mwandishi Mfaransa wa vichekesho aliyeiga mengi kwa waigizaji wa Kiitaliano waliovaa vinyago. Mwenye uzoefu wa vinyago hivyo anitonye.