Gari la kwanza la binti wa miaka 16: tununue lipi?

Dada, Columbus, Ohio

Salamu kwa wote, wazee shikamooni. Binti anapata leseni mwezi ujao na bajeti ni dola 9,000. Wengi wananielekeza kwenye Toyota Yaris kwa kuwa haili mafuta na spea zake zinajulikana. Wenye ujuzi, niangalie nini kwanza?

Fundi, Houston

Dada, Yaris iache. Ni ileile tunayoiita Vitz nyumbani, nzuri kwa mizunguko ya mjini, lakini uzito wake ni paundi 2,300 hivi. IIHS, taasisi ya bima inayopima magari kwa kuyagongesha, haimpendekezei kijana gari la chini ya paundi 2,750, karibu kilo 1,250. Huko barabarani kuna pikapu za paundi 5,000. Zikigongana uso kwa uso, jepesi ndilo linalosukumwa nyuma, na aliyemo ndiye anayeumia zaidi.

Cha pili ni ESC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Dereva mgeni akiingia kona kwa kasi lami ikiwa imelowa, gari huanza kuteleza. ESC hukamata breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini mpaka gari lirudi njiani. Marekani, magari yote madogo yanayo kwa sheria kuanzia modeli ya 2012. La zamani zaidi usilikisie: tafuta swichi yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake.

Halafu angalia matokeo ya kugongeshwa, tena kwa mwaka wa gari, usitosheke na jina. Mwaka 2012 IIHS ilianza kupima ajali inayogusa robo tu ya upana wa mbele, kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa. Honda Accord ya 2013 ilipata daraja la juu, Toyota Camry ya 2012 la chini kabisa. Subaru Forester ya 2014 juu, Toyota RAV4 ya 2013 chini kabisa. Mapenzi yetu kwa Toyota yasitufumbe macho. Na chukua silinda nne: Accord hiyo yenye V6, injini ya silinda sita, ina nguvu farasi 278 badala ya 185, na kijana hana kazi nazo.

Kaka wa bima, Minneapolis

Naongezea mawili. Hyundai na Kia nyingi za 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa kuchomeka ufunguo hazina kifaa cha kuzuia injini isiwashwe bila ufunguo wake. Wezi wanalijua hilo, na baadhi ya kampuni za bima ziliwahi kukataa kuzipokea katika miji kadhaa. Omba bei ya bima kwa namba ya chesisi kabla ya kulipa hata senti.

Binti mwingize kwenye bima yako, mara nyingi ni nafuu kuliko kumkatia yake, na uliza punguzo la alama nzuri shuleni. Kumficha ni hatari: akigonga, madai yanaweza kukataliwa. Kima cha chini cha bima Ohio kinalipa dola 25,000 tu kwa mali ya watu, na pikapu mpya moja inazidi hapo. Chukua bima ya juu ya hapo.

Dada, Columbus

Asanteni sana. Nimepata Accord ya 2013, silinda nne, maili 118,000, kwa mtu binafsi. Nikifika nikague nini?

Fundi, Houston

Kabla hujatoka nyumbani, mwombe namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani. Inakuonyesha kasoro ambazo kiwanda kiliagiza zirekebishwe na bado hazijaguswa, zikiwemo eabegi (mifuko ya hewa) za kampuni ya Takata, zinazoweza kulipuka vibaya, kwa magari yaliyofungwa hizo. Kazi hiyo dila wa kampuni husika anaifanya bure, hata kama wewe ni mmiliki wa nne. Sheria ya nchi haimkatazi muuzaji kuuza gari kuukuu lenye kasoro hizo, kwa hiyo usimtegemee akwambie.

Ukifika, washa switchi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache, kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, ogopa zaidi: huenda eabegi zilishalipuka, hazikurudishwa, na mtu ameiua taa.

Vuta kila mkanda mpaka mwisho. Mstari wa tope au harufu ya uvundo ni dalili ya gari la mafuriko. Mkanda uliolegea usiorudi ni wa kutiliwa shaka, huenda ulishafanya kazi kwenye ajali.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, chungulia upande wa ndani. Likipita miaka 6, toa bei ya matairi mapya kwenye bei ya gari. Chomeka sarafu ya senti moja kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha Lincoln, rais aliyechorwa juu yake, kikiwa chini. Utosi wake ukionekana wote, tairi limekwisha.

Kisha lipeleke gari kwa fundi mwenye lifti ya kuinulia magari, asiye wa muuzaji. Muuzaji akikataa, ondoka. Na binti awepo: akae kwenye usukani, aone barabara juu ya boneti, na kati ya kifua chake na usukani ibaki angalau sentimita 25, miguu ikifika vizuri kwenye pedali.