Safari ya kwanza Chicago: tukodi gari au tutegemee treni?

Msafiri wa Oktoba

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Katikati ya mwezi Oktoba nitafika Chicago kwa mara ya kwanza, nikiwa na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi, pamoja na binti yangu wa miaka sita. Tutatua kwenye uwanja wa ndege wa O'Hare Alhamisi mchana na kuondoka Jumatatu jioni. Hoteli yetu iko katikati ya jiji, karibu na Mto Chicago.

Jamaa mmoja amenihakikishia kwamba Marekani haitembeleki bila gari, ilhali mwingine ananionya kwamba katika jiji hilo gari ni mzigo mtupu. Naomba ushauri wenu kuhusu usafiri, na pia kuhusu mambo ya kutazama ambayo hayatamchosha mama wala kumaliza fedha zetu zote kwenye tiketi. Binti yangu anapenda wanyama kuliko kitu chochote, na mama alifundisha historia kwa miaka mingi, hivyo angependa kulielewa jiji, si kulipiga picha tu.

Mkaazi wa Kaskazini

Karibu sana, ndugu. Usikodi gari. Maegesho ya katikati ya Chicago ni ghali mno, hoteli nyingi hutoza ada ya kila usiku kwa gari lililolala, na karibu kila kitu unachotaka kukiona kiko kando ya ziwa au kando ya mto. Aliyekuambia kwamba Marekani haitembeleki bila gari anasema kweli kwa miji mingi ya nchi hiyo, lakini Chicago ni miongoni mwa michache ambayo treni na mabasi yake yanamtosha mgeni kabisa.

Mkifika O'Hare, fuateni alama za treni hadi kituo kilichomo ndani ya uwanja wenyewe, kisha mpande njia ya Bluu, ambayo hufanya kazi usiku na mchana. Safari ya hadi katikati ya jiji huchukua takribani dakika 45, na nauli ya kuanzia uwanjani ni kubwa kuliko ya vituo vingine, kwa hiyo msishangae. Mnaweza kununua kadi ya nauli iitwayo Ventra kwenye mashine au kugusisha kadi ya benki getini. Binti yako hatalipa chochote, kwa kuwa watoto walio chini ya miaka saba husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa nauli. Shukeni Clark/Lake, kituo chenye lifti ambacho kiko karibu na mto na kinakutanisha njia sita za treni.

Suala la lifti ulichukulie kwa uzito mkubwa, kwa sababu ya mama. Vituo vingi vya Chicago vimejengwa juu ya barabara, na baadhi ya vile vya zamani vina ngazi tupu. Kwa hiyo kabla ya kila safari angalieni kwenye ramani alama ya kiti cha magurudumu, na mahali isipokuwapo tumieni basi, maana mabasi yote ya jiji yanaweza kushusha sakafu au kutoa njia ya mteremko mlangoni.

Jambo jingine linalowachanganya wageni ni majina ya vituo. Kuna vituo kadhaa vinavyoitwa Chicago, kila kimoja kwenye njia yake, na njia ya Bluu peke yake ina vituo viwili vinavyoitwa Western. Haitoshi, basi, kujua jina la kituo: jueni rangi ya njia na jina la kituo cha mwisho ambako treni inaelekea.

Mkiwa barabarani, kumbukeni kwamba Ziwa Michigan liko mashariki daima. Namba za majengo zinaanza kuhesabiwa kwenye makutano ya State na Madison, na kila namba 800 ni maili moja, yaani takribani kilomita moja na nusu. Kwa hiyo anwani inayoanza na 1600 North iko maili mbili kaskazini mwa makutano hayo. Mfumo huu utawafaa hasa karibu na mto, kwa kuwa Wacker Drive ina barabara juu ya barabara, na ramani ya simu mara nyingi hushindwa kutambua kama mko kwenye barabara ya juu au ya chini.

Mpenda Majengo

Naunga mkono yote yaliyosemwa hapo juu. Kwa mama aliyefundisha historia, pendekezo langu ni moja kabla ya mengine yote: asubuhi ya Ijumaa pandeni boti ya ziara ya usanifu majengo kwenye Mto Chicago. Ziara nyingi za aina hiyo huchukua takribani dakika 90, abiria huketi muda wote, na mwongozaji hueleza jinsi moto wa mwaka 1871 ulivyoteketeza sehemu kubwa ya jiji na kuacha nafasi ambayo wahandisi na wasanifu waliitumia kujaribu mambo mapya, yakiwemo majengo marefu yenye mifupa ya chuma. Huo mto wenyewe ni habari nzito: mwaka 1900 mwelekeo wake uligeuzwa kwa mfereji, ili maji machafu ya jiji yasiingie tena katika ziwa ambalo wakazi walikunywa maji yake. Mkianza na boti, majengo mtakayopita siku zinazofuata mtakuwa mmekwisha kuyafahamu. Vaeni nguo nzito, kwa kuwa upepo wa mtoni mwezi Oktoba ni mkali hata jua linapowaka.

Baada ya hapo nendeni Chicago Cultural Center, jengo la mwaka 1897 lililokuwa maktaba kuu, lenye kuba la vioo vya rangi vya Tiffany. Kuingia ni bure, na ng'ambo ya barabara ndiko iliko bustani ya Millennium Park yenye sanamu ya Cloud Gate, ambayo nayo haina kiingilio. Kituo cha Washington/Wabash kiko karibu na kina lifti. Kutoka hapo pandeni njia ya Kahawia, ambayo hupita juu ya Loop, mzingo wa reli za juu unaozunguka katikati ya jiji na uliokamilishwa mwaka 1897, ikipita kati ya majengo kiasi kwamba mnaona ndani ya ofisi za watu. Kwa nauli ya kawaida, sijui matembezi mazuri zaidi ya hayo.

Kuhusu minara ya kupanda ili kulitazama jiji kutoka juu, mmoja unatosha. Willis Tower, yenye ghorofa 110, ndiyo ndefu zaidi, lakini mimi napendelea ghorofa ya 94 ya jengo lililoitwa John Hancock, kwa sababu kutoka hapo mnaliona ziwa kwa karibu na safu yote ya majengo ya katikati ya jiji iko mbele yenu.

Mama wa Watatu

Dada au kaka, hukujitambulisha, lakini nakusalimu kwa heshima. Kwa ajili ya mtoto, anza na Lincoln Park Zoo, ambayo kuingia ni bure. Basi namba 151 kutoka Michigan Avenue huwafikisha hapo bila ngazi hata moja. Shedd Aquarium, jumba la samaki na wanyama wa majini, ni pazuri sana, ila tiketi zake ni ghali na foleni ya Jumamosi ni ndefu.

Kama mtalipia jumba moja tu, lipieni Field Museum, ambako basi namba 146 linafika. Mtoto atamwona Sue, mifupa ya dinosau aina ya tyrannosaurus iliyohifadhiwa karibu yote, na mama atawaona simba wawili wa Tsavo, waliouawa mwaka 1898 baada ya kuwashambulia wafanyakazi wa reli, na ambao ngozi zao ziliuzwa kwa jumba hilo katika miaka ya 1920. Msiyatumainie matangazo ya siku za bure, kwa kuwa nyingi ni za wakazi wa jimbo la Illinois pekee na huombwa kitambulisho.

Katika bajeti yenu, kumbukeni kwamba bei iliyoandikwa dukani au kwenye menyu haijajumuisha kodi ya mauzo, ambayo Chicago huzidi asilimia 10, na kwamba mgahawani mhudumu hutarajia bakshishi ya asilimia 18 hadi 20.

Msafiri wa Oktoba

Nawashukuru kwa dhati. Gari nimeliacha. Mama amesoma majibu yenu na anauliza: je, kuna mahali pa kujifunza historia ya Wamarekani weusi wa jiji hilo?

Mpenda Majengo

Pako tele, na panaanzia karibu na hoteli yenu. Penye daraja la Michigan Avenue kuna sanamu ya Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara mweusi aliyeishi karibu na mdomo wa mto mwishoni mwa karne ya 18 pamoja na mkewe Kitihawa, wa jamii ya Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na ambaye leo anatambuliwa kuwa mwanzilishi wa Chicago. Jumapili nendeni kusini kwa basi hadi jumba la makumbusho lenye jina lake katika Washington Park, lililoanzishwa mwaka 1961. Mkirudi, piteni Bronzeville, mtaa uliopokea maelfu ya watu waliohama majimbo ya kusini katika karne ya 20 na ambako aliishi Ida B. Wells, mwandishi aliyefichua mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya raia. Huko nyumba na minara ya kumbukumbu imetawanyika, hivyo kwa ajili ya magoti ya mama kodini teksi kwa sehemu hiyo moja.

Mkaazi wa Kaskazini

Naongeza kuhusu Jumatatu: acheni mizigo mapokezini hotelini mkishatoka vyumbani, na mrudi O'Hare kabla ya saa kumi alasiri, kwa kuwa baada ya hapo njia ya Bluu hujaa watu wanaotoka kazini na mama anaweza kukosa kiti.