Wakuu nisaidieni: mbwa apewe chakula gani anenepe haraka?

Kijana wa Goba:
Habari za jioni wakuu. Nina mbwa wangu hapa nyumbani, naomba kujua chakula kizuri cha kumpa ili anenepe, manyoya yang'ae na achangamke. Iwe ndani ya wiki hii kama inawezekana. Chakula cha mfuko msinitajie, bei yake haishikiki. Kwa sasa anakula ugali wa dona na dagaa, jioni namwagia mchuzi uliobaki. Nimeshauriwa mapupu mabichi ya machinjioni na mayai mabichi, na mimi naona ndiyo njia, nataka uhakika tu. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Mlandizi:
Mbwa ni ugali tu mkuu. Marehemu baba alikuwa na Simba, koko mweusi, alikula ukoko na maji ya dagaa mpaka uzeeni na hakuna mwizi aliyeruka ua wetu. Siku moja alimshika mjomba suruali akitoka kilabuni usiku, hakumwachia mpaka kunapambazuka. Mjomba akahamia kilabu kingine.

Bibie Chanika:
Watu wanalala njaa, ninyi mnaulizana manyoya ya mbwa yang'ae. Halafu unampikia kwenye sufuria ipi? Isije ikawa ile ile ya wali.

Popo wa Mchana:
Anenepe ndani ya wiki? Huyo ni mbwa au kitoweo cha Krismasi 😂

Dokta wa Ng'ombe:
Mkuu, umeacha yale yanayoamua kila kitu. Ni mbwa wa aina gani, ana umri gani, na leo hii yukoje? Na kwa nini iwe wiki hii?

Kijana wa Goba:
German Shepherd. Bado mdogo, ana kama miezi mitano. Yuko vizuri tu, ila miguu ya mbele imelegea kidogo, anakanyagia kifundo. Na mbavu zinahesabika. Lakini nimeshachukua unga wa mifupa duka la pembejeo, namwekea vijiko vya kutosha, kwa hiyo upande wa mifupa ondoeni shaka.

Dokta wa Ng'ombe:
Shaka ndiyo inaanzia hapo. Acha huo unga leo leo. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa hawezi kuikataa kalsiamu ikizidi, utumbo wake unaipokea tu na mifupa inakua vibaya. Ikipungua nayo, miguu inapinda. Ndiyo maana chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa wakubwa huwa kimepimwa, hakikisiwi kwa kijiko.

Mapupu mabichi usithubutu. Umewahi kuona vifuko vya maji kwenye pupu au ini la kondoo? Mle mna vichanga vya minyoo. Mbwa akila, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na yakikuingia wewe mdomoni unaota vivimbe kwenye ini na mapafu. Pupu lenye vifuko hivyo lifukie au lichome. Lililo safi chemsha mpaka liive kabisa.

Mayai pia chemsha. Ute mweupe ukiwa mbichi unazuia vitamini ya ngozi na manyoya, hayo hayo unayotaka yang'ae. Mchuzi wenye vitunguu ni sumu kwake, unavunja chembe nyekundu za damu. Dagaa waoshe watoke mchanga na chumvi. Na dona likague ukungu: sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa nalo halihimili sumu hiyo.

Mpe mara tatu kwa siku, chakula kidogo kidogo. Ila miguu hiyo aione daktari, sufuria haitoshi.

Mzee wa Mlandizi:
Simba wetu vitunguu alikula.

Bibie Chanika:
Ya wiki hii bado hujajibu, kaka.

Kijana wa Goba:
Mzee anarudi Jumamosi.

Bibie Chanika:
Mzee yupi tena?

Kijana wa Goba:
Bosi. Mbwa ni wake, mimi nalinda hapa. Aliposafiri aliacha hela ya chakula cha mfuko. Na sikuila, watu msinielewe vibaya. Niliiweka kwenye mkeka wa kubeti, timu sita, tano zikatoa, ya sita ikasawazishiwa dakika za majeruhi. Ningepata, mbwa angekula mifuko mitatu. Halafu tuambiane ukweli, ile mifuko ni biashara ya wazungu. Mimi nimekula dona toka utotoni, miguu imenyooka.

Popo wa Mchana:
Kibarua kimeshaanza kuota nyasi 😂😂

Kachero Mstaafu:
Hii ni chai ya rangi, hadithi ya kutunga. Mwaka jana humu humu ulikuwa dereva wa lori Tunduma, unaomba ushauri wa wake wawili. Leo mlinzi Goba. Leta picha ya mbwa, amesimama, miguu ionekane.

Kijana wa Goba:
Ule uzi nilimwandikia rafiki. Picha siwezi, kioo cha kamera kimepasuka.

Kachero Mstaafu:
Kimepasuka tangu Tunduma?

Popo wa Mchana:
Bosi wako nimo humu, nimeshuka kwenye ndege, fungua geti.

Dokta wa Ng'ombe:
Kama ni chai mimi nimeshainywa. Kama ni kweli, mpeleke kliniki ya mifugo kesho asubuhi, na umpigie bosi kabla hajafika. Mbwa wa umri huo akiwahiwa mara nyingi ananyooka.

Kijana wa Goba:
Kliniki wanataka hela, Dokta. Ngoja kwanza, kesho kuna mechi tatu naziona kabisa, hazina maswali. Zikitoa, jioni tunaenda kliniki na bajaji.

Mzee wa Mlandizi:
Mechi gani hizo? Tupia kodi ya mkeka.

Kachero Mstaafu:
Tupia kodi, mkuu.