Mjadala: Uwanja wa shabaha Mwanza, na hizo risasi ghali alipe nani?

Mlengaji_Nyegezi: Wakuu, hoja yangu hii. Kulenga shabaha kulikuwepo Olimpiki ya kwanza, 1896. Jumuiya ya Madola, Gold Coast 2018, watu walilenga mpaka yadi 1,000, mita 900 na ushee. Sisi nchi nzima tuna medali mbili za Olimpiki, zote za riadha, Moscow 1980. Jiji litenge uwanja kwa raia wenye vibali, na fedha za michezo zinunue risasi za mashindano.

KirumbaSokoni: Risasi ni risasi. Zahanati haina dawa, wewe unataka kutoboa karatasi! Halafu huku kwetu ni watu wa gobore, risasi za mashindano za nini?

Mlengaji_Nyegezi: Si risasi tu, kaka. Za mashindano, baruti inalingana kila ganda, kichwa kinalingana uzito. Moja ikitoka polepole kidogo kuliko mwenzake, mita 100 huoni tofauti. Mita 900 imeshukia nje ya mduara. Hata ncha ya kichwa ina tundu, kwa sababu shaba inayokifunika inafungwa kuelekea mbele ili kitako kibaki safi. Kitako kikiwa na kasoro, risasi inayumba.

BintiNgudu: Mimi nimeishia hapo kwenye "watu wa gobore". Ndiyo nini hiyo? Babu yangu alikuwa nalo, na kibali chake. Baruti aliipima kwa kifuniko cha soda, anapangusa juu kwa kidole gumba, haizidi haipungui. Ukimsemesha katikati, anairudisha yote kwenye pembe ya kutunzia baruti anaanza upya. Huyo ndiye unayemdharau?

KirumbaSokoni: Dada, sijamtukana mzee. Ila magobore ndiyo yanamaliza wanyama Serengeti.

BintiNgudu: Serengeti wanyama wengi wanauawa kwa mitego ya waya. Usimbebeshe babu yangu mizigo ya watu.

Mzee_Bujora: Wajukuu, taratibu. Mjukuu wangu wa Ngudu, babu yako alipima vizuri, lakini mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi. Upime usipime, mbali haifiki sawa.

BintiNgudu: Shikamoo babu. Hakuwa analenga mbali. Alikuwa analinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori.

MamaDagaa: Mnabishana magobore, swali langu hamligusi. Uwanja wenyewe utaelekea wapi? Risasi ya namna hiyo ikikosa tuta la kuizuia inaweza kwenda kilomita tatu na zaidi. Mume wangu anarudi na mtumbwi kumeshakucha, anapita karibu na nchi kavu.

Mlengaji_Nyegezi: Mama, unajengwa ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, tena tunageukia mlimani.

MamaDagaa: Mlima gani huo Mwanza usio na nyumba? Nitajie mmoja.